Seva Iliyolala Nyuma ya Friji

Harufu ilitangulia mlango. Kobe alianza kuisikia walipokata kona ya chumba cha maiti, akadhani inatoka humo. Lakini walipokipita chumba hicho ilizidi badala ya kupungua, na mtu aliyezeekea katika upelelezi anajua kwamba maiti hanuki sukari iliyochacha.

“Soda,” akasema.

“Soda na panya,” akajibu Chiriku, huku akihamisha begi la kompyuta toka bega moja hadi jingine. “Panya ndiye mwenyeji, afande. Soda kaja juzi.”

Kobe alikuwa inspekta. Jina hilo alipewa kituoni kwa ajili ya shingo yake na mwendo wake, naye hakulikataa, maana ukimwona kobe kainama, ujue anatunga sheria. Chiriku alikuwa fundi wa kompyuta wa polisi, mwanamke mfupi mwenye miwani, na yeye jina lake lilitokana na mdomo. Alisema na watu, alisema na mashine, na pasipokuwa na mtu wala mashine alijisemesha mwenyewe. Mbele yao alitembea msaidizi wa mitambo wa hospitali, mwanamume wa makamo, mwembamba mpaka wenzake wakamwita Waya. Alikuwa na funguo nyingi mkononi, na kadiri walivyokaribia mlango ndivyo alivyopunguza hatua.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Msusi mmoja, mwanamke ambaye hata thelathini hajafika, alikanyaga msumari, mguu ukavimba, akalazwa. Akadungwa penisilini. Alikufa kabla muuguzi aliyemdunga hajaifikia ndoo ya kutupia sindano. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia daktari, palepale kitandani, kwamba dawa hiyo nusura imuue binti yake utotoni, na jambo hilo hakuna aliyelibisha. Lakini skrini za hospitali zilikuwa upande wa daktari. Zilionyesha kwamba asubuhi ya kulazwa aliweka onyo jekundu la mzio, tena akaagiza dawa nyingine kabisa. Basi kosa likamwangukia muuguzi.

Muuguzi aliapa kwamba alichokisoma yeye ni kingine: nafasi ya onyo ilikuwa tupu, na dawa iliyoagizwa ni ileile aliyoidunga. Siku ya kwanza mahabusu alilisema hilo kwa sauti. Siku zilizofuata alilinong'ona. Sasa kaka yake na wakili walikuwa wamemshauri akiri uzembe ili adhabu ipungue, na mchana huo, saa nane, alitarajiwa kutia saini. Akishatia, jalada linafungwa. Kobe hakumjua hakimu ambaye angelifungua tena kwa ajili ya mtu aliyekwisha kukiri mwenyewe.

Asubuhi walikuwa wameanzia kwa Mkuu wa Mitambo. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi na marashi ya kupulizia, na mwenyewe alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya kibodi. Aliwapa mkono wenye maganda. Alipotajiwa marehemu alisema masikini, akauma yai, kiini kikamdondokea kwenye tai, akakikwangua kwa ukucha na kukila. Kobe aliangalia ukuta.

Barua ya mahakama ya kuwaruhusu kukagua na kunakili aliisoma mara moja, akaigonga muhuri. Kisha akawageuzia skrini yake. Maduara mawili ya kijani yaliwaka bega kwa bega: moja la seva kuu inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote, jingine la seva ya akiba iliyoko ghorofa ya chini.

“Hii ya kwanza inasema daktari aliandika onyo,” alisema. “Na ile ya chini inasema vilevile. Vyumba viwili mbalimbali, afande. Mashahidi wawili ambao hawajawahi kuonana. Nendeni mkaiulize yenyewe, mimi siwazuii.”

Chiriku akamuuliza, kwa upole usio wake, mbona diski ya seva kuu inakaribia kujaa. Mkuu akasema hospitali inakua, na mwaka huu peke yake wameshaiongezea diski zaidi ya mara moja. Chiriku akampa hongera.

Njiani alimfafanulia Kobe mambo kwa mfano wa mwalimu wa imla. Seva kuu ndiyo mwalimu: kila inachokiandika, inakitamka. Seva ya akiba ni mwanafunzi: inasikia na kuandika vilevile, ili mwalimu akianguka ghafla yeye asimame mahali pake na darasa liendelee. Mwalimu akifuta neno, mwanafunzi naye hulifuta. Kwa hiyo maneno ya Mkuu yalikuwa ya bure. Hapakuwa na mashahidi wawili. Palikuwa na shahidi mmoja na mwangwi wake.

“Sasa tunafuata nini huko chini?” Kobe aliuliza.

“Tumbo la mwalimu. Mwalimu ameamriwa asitupe karatasi hata moja mpaka mwanafunzi aseme, nimeisikia. Huyu karatasi zimemjaa mpaka shingoni, wanamshonea mifuko mipya kila baada ya muda, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Mimi najiuliza kama mwanafunzi kafa au kasinzia.”

Mbele ya mlango Waya alijaribu ufunguo wa kwanza, ukakataa. Wa pili ukakataa. Alipotoa wa tatu Kobe alimwambia kwa sauti ya chini kwamba ufunguo wa mlango huo ndio uliong'aa kuliko wote, ajaribu huo. Mlango ukafunguka.

Kulikuwa na friji kubwa yenye mlango wa kioo, na makreti ya soda yaliyopangwa hadi usawa wa kifua. Sakafu ilinata. Kila hatua kiatu kiling'ang'ania, kikaachia kwa mlio wa mtu anayefyonza meno. Dirisha dogo lilitazama ua wa chumba cha maiti, na chini yake paliwekwa ubao wa kuuzia. Huko nje akina mama wawili walikuwa wamekaa juu ya ukingo wa saruji wakisubiri kukabidhiwa mtu wao, na kila mmoja ana chupa mkononi.

Seva ilikuwa nyuma ya friji. Ilikuwa nyeusi, haina taa hata moja. Waya wake wa umeme ulilala sakafuni kama mkia, na kwenye soketi palichomekwa friji. Panya alikuwa amejitengenezea kiota kwenye matundu ya kupitishia hewa kwa nywele, uzi na vipande vya karatasi, kisha akafia humohumo. Chiriku alipomulika tochi, mende walimtoka panya tumboni.

Chiriku aliupiga picha waya uliochomolewa, kisha kiota.

“Toka lini?” Kobe aliuliza.

“Toka mvua zianze, afande,” Waya akajibu.

“Kwa nini?”

“Vyote viwili vikiwaka, umeme unakatika.”

“Ukachagua friji.”

“Wale wanaokuja kuchukua maiti wao wanakaa juani muda mrefu,” Waya alisema. “Wanapata kiu. Na bei yangu si kali, waulize wenyewe.”

Kobe alimtazama kama mtu anayetazama kitu kilichoganda kwenye soli ya kiatu. Akamuuliza habari za duara la kijani. Waya akajikuna shingo. Ikajulikana kwamba programu ya kuwasha duara hilo aliiandika yeye mwenyewe, nayo hapo awali iliiuliza seva ya akiba kama iko hai. Baada ya kuizima alibadilisha mstari mmoja tu. Tangu hapo swali likawa linakwenda kwa seva kuu, na jibu linatoka kwa seva kuu.

“Yaani inabisha hodi kwake,” Chiriku alisema, “inajikaribisha, halafu inatangaza kwamba jirani hajambo.”

“Mkuu analijua hili?”

“Hajawahi kushuka huku, afande. Yeye anaangalia duara. Kila Ijumaa anaandikia wakubwa kwamba mitambo yote miwili ni mizima.”

Kobe akauliza nani ana neno la siri la mwenye hifadhidata, lile linalomwezesha mtu kubadilisha chochote moja kwa moja bila kupitia skrini za madaktari. Waya akasema wanalo wawili, yeye na Mkuu, na ni neno moja wanalolitumia wote. Alipoona jinsi inspekta anavyomtazama, akainama haraka, akaokota waya sakafuni.

“Lakini naweza kuiwasha sasa hivi, afande. Nikiiunganisha itafuata yenyewe, itafika palepale ilipo kubwa…”

“Acha,” Chiriku alisema. “Ukichomeka huo, nakuvunja vidole, na hapa hospitali watakuunga vibaya.”

Waya akauachia. Kobe akamkalisha juu ya kreti, akachukua simu yake, akaitia mfukoni. Mtu mwongo, mwenye neno la siri, mwenye ufunguo unaong'aa, na sasa ana haraka ya kuwasha kitu ambacho polisi wamekikuta kimezimwa. Mbele ya macho ya mpelelezi mwingine shauri lingekuwa limekwisha. Kobe naye aliona limekwisha kwa muda wa pumzi mbili tatu, na wala hakuona uchungu.

Chiriku alikuwa akitabasamu kwa kinyaa, mkono puani. Alimvuta Kobe pembeni akamweleza. Mwanafunzi huyu alisinzia tangu mvua, na daftari lake limeishia hapohapo. Karatasi zote za tangu mvua mpaka leo ziko mfukoni mwa mwalimu, hazijatupwa. Wakimwamsha na kumuunganisha kama Waya alivyotaka, atazimeza zote kwa pupa, atafika leo, atasema kile seva kuu inachosema, na mwalimu atazitupa karatasi. Lakini wakimwamsha pembeni, wakamlisha kijiko kwa kijiko na kumsimamisha pale wanapotaka, basi kwenye kila kijiko watamuuliza: sasa hivi kwako kumeandikwa nini?

“Utamsimamisha hata saa ile ya sindano?”

“Hata kabla muuguzi hajampaka spiriti, afande.”

Walihamia chumba cha kupigia pasi mashuka, ambako hewa ilikuwa ya moto lakini safi. Chiriku aliing'oa diski ya seva iliyolala, akaipangusa, akainakili yote kwenye mashine ya polisi aliyokuja nayo, bila kuandika kitu hata nukta juu ya ile ya asili. Kisha akanakili karatasi za mabadiliko kutoka seva kuu, kwa nguvu ya ile barua. Waya alisimamiwa mlangoni na konstebo aliyeitwa toka kituoni. Kila alipoulizwa jambo alijibu kwa adabu ya mtu anayetaka kukumbukwa kwa wema.

Hapakuwa na picha wala vitufe vya kubonyeza. Palikuwa na dirisha jeusi tu na amri nyeupe, mstari baada ya mstari, na Chiriku akizisoma kwa sauti kabla hajazituma, ili Kobe awe shahidi. Hii inaiambia mashine karatasi ziko wapi. Hii inaiambia isimame asubuhi ya kulazwa msusi, isivuke. Hii inaiambia kwamba ikisimama iruhusu kusomwa tu, isiandike chochote. Aliinua kidole kutuma amri ya kuiwasha, kikabaki hewani. Akakirudisha.

“Mama yangu,” akanong'ona.

“Nini?”

“Faili la akiba.”

Alikuwa amesahau faili moja tupu, lisilo na hata herufi ndani, ambalo jina lake peke yake ndilo linaloiambia mashine: wewe si kubwa, wewe unafuata. Bila faili hilo mashine isingengoja kijiko kingine. Ikifika pa kusimama ingeweza kujiona ndiyo kuu, ikaanza kuandika historia yake yenyewe, na wakili yeyote anayejua kusoma angeutupilia mbali ushahidi wote. Aliliweka, akahakikisha lipo, akahakikisha tena, ndipo akatuma.

Mashine ikaanza kumeza. Miezi ya hospitali ilipita kwenye dirisha jeusi kwa namba tu: watu walioingia, watu waliotoka, watu walioingia wasitoke. Kobe alivua koti. Kwenye meza ya jirani mwanamke wa kupiga pasi alikunja mashuka bila kuwauliza kitu, akaondoka, akarudi na mengine. Saa sita ilipita. Kituoni kaka mtu na wakili walikuwa wamekwisha kufika. Konstebo aliletewa habari hiyo kwa simu.

Kisha mashine ikasimama. Chiriku akauliza.

Msusi yupo. Kidonda cha mguu. Onyo: tupu. Dawa: bado.

Kijiko. Dawa: penisilini, imeandikwa kutoka skrini ya daktari, kwa jina la daktari. Onyo: tupu.

Kijiko. Muuguzi ameandika kwamba amedunga dawa iliyoagizwa. Onyo: tupu.

“Tupu,” Kobe alisema, kama anayejaribu ladha ya neno.

Kijiko. Amekufa. Baada ya hapo mashine ikaonyesha kitu ambacho hawakukiuliza: jikoni walikuwa wamemwandikia mlo wa mchana, uji na yai, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuwaambia. Chiriku alivua miwani, akaifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kijiko. Alasiri ya siku ileile, jikoni wakiwa wamekwisha kupeleka ule mlo na kurudi nao, yakaja mabadiliko mawili pamoja. Onyo jekundu likajaa. Penisilini ikageuka dawa nyingine. Hayakutoka kwenye skrini ya daktari yeyote. Yalitoka kwenye dirisha jeusi kama lile lililo mbele yao, kwa neno la siri la mwenye hifadhidata, na aliyeyaandika akayavika saa ya asubuhi. Lakini kila badiliko, Chiriku alieleza, hubeba pia saa ya kuzaliwa kwake, ambayo mwandishi hapewi nafasi ya kuichagua. Mtoto alizaliwa alasiri, akaandikiwa cheti cha asubuhi.

Muuguzi alikuwa amesema kweli. Ilibaki kumjua aliyeandika.

Chiriku alitaka pingu zipelekwe mlangoni kwa Waya bila kupoteza muda. Kobe aliinamisha kichwa, akakaa hivyo mpaka Chiriku akaanza kuhesabu mashuka. Kisha akamwita Waya ndani.

“Nikuulize kama fundi,” alisema. “Wewe unajua seva ya chini imelala. Umebadilisha jambo kwenye ile kubwa na hutaki lijulikane. Unafanyaje?”

Waya alifikiri kwa uaminifu wa mtu anayependa maswali ya kazi.

“Nazima friji,” alisema. “Naiwasha seva, naiunganisha, naiacha ifuate mpaka mwisho. Kubwa inatupa karatasi zake. Hakuna tena kitu cha kuonyesha. Kisha nawasha friji.”

“Muda gani?”

“Jioni moja, afande.”

“Na jioni zote hizi ulikuwa na ufunguo.”

Waya akafungua mdomo, akaelewa alikopelekwa, akaufunga. Kobe akamgeukia Chiriku. Aliyeandika uongo ule, alisema, hakwenda chini kuwasha chochote, kwa sababu hakujua kwamba kuna kilichozimwa. Aliamini mwanafunzi yuko macho na amekwisha kuumeza uongo pamoja na mwalimu wake. Aliamini hivyo kiasi cha kuwatuma polisi wenyewe, kwa mdomo wake, wakamuulize. Wenye neno la siri ni wawili. Mmoja alijua duara la kijani ni la uongo. Aliyeliamini ni mmoja tu.

“Mwongo kamdanganya mwongo mwenzake,” Chiriku alisema. “Hospitali gani hii?”

Ndipo Waya, bila kuulizwa, akasema kwamba daktari yule ni shemeji wa Mkuu. Amemwoa dada yake. Chumba kizima cha mitambo kinajua, walikula harusi. Alisema hivyo kwa wepesi, kama mtu anayeongeza soda moja ya bure, na Kobe akamchukia zaidi kuliko alipokuwa mshukiwa. Alikuwa analijua hilo tangu asubuhi.

Mkuu walimkuta amebadilisha tai. Kobe hakukaa. Alimweleza kwa sentensi fupifupi: seva ya chini, friji, panya, mstari mmoja wa Waya, vijiko, alasiri. Mkuu alisikiliza huku macho yake yakiyarudia maduara mawili ya kijani, ambayo yaliendelea kuwaka kwa afya njema. Mwanzoni alisema haiwezekani. Kisha akauliza kama Waya amekamatwa. Kisha akainuka akafunga mlango, na alipogeuka alikuwa na uso mwingine, wa mtu mzima anayetaka kuongea na mtu mzima mwenziwe.

Alisema daktari alimpigia simu analia. Alisema yule mama alikuwa akiongea na daktari wakati daktari yuko kwenye simu nyingine, na mtu hawezi kusikiliza wawili kwa mpigo. Alisema yeye hakumgusa mgonjwa, aligusa maneno tu, na maneno hayajamuua mtu.

“Tena maneno yenyewe ni ya kweli,” aliongeza. “Mzio si alikuwa nao? Nimeandika uongo gani?”

“Na muuguzi?”

“Dada yangu ana watoto wanne, afande. Ulitaka awe mjane na mume yuko hai?” Mkuu alishusha sauti. “Yule muuguzi hana mtoto hata mmoja. Mtu lazima apime.”

Kobe akafungua mlango, akamwita ndani konstebo.

“Basi ulipima,” alisema. “Nyosha mikono.”

Hakungoja kuona pingu zikifungwa. Konstebo alibaki na Mkuu, mwingine akatumwa kumtoa daktari wodini, na Chiriku akabaki akilinda mashine yake kama mama mzazi. Kobe alitembea upesi kuliko alivyotembea mwaka mzima, na kituoni waliomwona walisimama kumpisha, si kwa heshima bali kwa mshangao.

Katika chumba cha mahojiano muuguzi alikaa kati ya kaka yake na wakili. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, aliyekonda usoni tu. Karatasi ya kukiri ilikuwa mbele yake, na ukurasa wa kwanza alikuwa amekwisha kuutia saini. Kaka mtu alianza kusema kwamba wamekubaliana, wasisumbuliwe tena, mdogo wake amechoka. Kobe akaiondoa karatasi mezani. Akaketi, akamweleza muuguzi mambo yote polepole, kwa mpangilio uleule wa vijiko, mpaka alasiri.

Kaka yake alifunika uso kwa viganja. Wakili akaanza kukusanya kalamu zake.

“Kwa hiyo nafasi ya onyo ilikuwa tupu,” muuguzi alisema.

“Ilikuwa tupu, dada.”

“Una hakika.”

“Nimeiona kwa macho yangu, leo.”

Alitikisa kichwa taratibu, si kukataa, ila kama mtu anayejaribu kumwaga maji yaliyoingia sikioni.

“Mimi siioni tena,” alisema. “Wameniuliza mara nyingi mno. Kila aliyekuja alinionyesha lile neno jekundu, akaniambia, lilikuwa hapa, kumbuka vizuri. Kaka yangu naye. Tangu juzi nikifumba macho nasimama wodini, natazama skrini, na neno nalikuta lipo. Nalisoma. Halafu namdunga.” Akamtazama Kobe usoni kwa mara ya kwanza. “Umeniletea ukweli, afande, nashukuru. Lakini niambie, hili lililoingia humu kichwani mwangu, nani atalifuta?”

Kaka mtu alikuwa analia sasa, na akanyoosha mkono kumshika dada yake begani. Muuguzi akausogeza pembeni, bila hasira, kwa ncha za vidole, kama mtu anavyosogeza kitambaa kichafu.